Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Barabara pana, taa na majengo marefu ni vitu vya kununuliwa kwa fedha, na mji wowote wenye fedha waweza kuwa navyo. Kitu kisichonunuliwa ni sura ya mji. Mfunge mtu kitambaa machoni, umlete Dar es Salaam, umsimamishe Mtaa wa Uhuru mbele ya maduka ya kanga, au Mtaa wa Kongo asubuhi wakati wauzaji wakinadi, au karibu na sufuria la mama lishe saa sita ya mchana. Hujamfungua kitambaa bado, atakwambia yuko wapi. Masikio yake na pua yake vitamwambia. Kisha mtu huyo huyo umwingize katika jumba moja la maduka makubwa, lenye sakafu ya kung'aa na ubaridi wa mashine, umfungue macho, umwulize, "Hapa ni wapi?" Atababaika. Huenda ni Nairobi, huenda ni Johannesburg, huenda ni Dubai. Maandishi ni yale yale, bidhaa ni zile zile, hata muziki ni ule ule.

Wiki hii twapenda kusema na wanachama na wapenzi wa chama juu ya biashara ndogo za mji wetu: genge la jirani, cherehani ya barazani, kinyozi, seremala, fundi viatu, muuza kanga, mama lishe. Wako watu wanaodhani kwamba haya ni mambo ya wafanyabiashara peke yao, na kwamba gazeti la chama lingefaa liseme juu ya siasa tu. Twawajibu hivi: hakuna siasa iliyo kubwa kuliko swali la nani atakuwa mwenyeji katika mji wake mwenyewe. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka wako mkuukuu. Umechakaa, umechanika pembeni, lakini ni wako, na kesho utaukuta pale pale. Msala upitao wapendeza macho, lakini mwenyewe ataukunja aende nao.

Tuutazame kwanza mbacha wetu ulivyofumwa. Jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mji ulipotekwa mwaka 1916 kambi yao ikawa hapo. Kambi iliondoka, jina likabaki. Serikali ya kikoloni iliugawa mji mafungu matatu, Uzunguni, Uhindini na upande wa Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati kama uzio. Mwafrika alitazamiwa aje mjini kuwa kibarua, tarishi au mpishi wa watu. Hakutazamiwa kuwa na duka.

Lakini watu wa Kariakoo hawakungoja kutazamiwa. Walijenga nyumba zao za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, baraza mbele na ua nyuma. Chumba cha mbele kikageuka duka. Baraza likawa mahali pa cherehani na pa mzee wa kahawa. Uani kukapikwa maandazi na vitumbua vya kuuza alfajiri. Mmanyema, Mzaramo, Mnyamwezi, Mdigo na Mngazija walikaa ukuta kwa ukuta, wakauziana, wakakopeshana, wakaozana, na katika kuuziana huko Kiswahili chao kikawa kimoja. Hapana mkuu wa mipango aliyeuchora mji wa namna hiyo. Ulichorwa na mahitaji ya watu wake.

Hapo wanachama wasisahau deni. Chama cha TANU kilipozaliwa Julai 1954, serikali ya wakoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Karani mwenye mshahara wa serikali aliipenda kadi ya chama kwa siri, huku akiogopa barua ya kufukuzwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe ilimbidi mwaka 1955 achague, akaacha kazi ya kufundisha Pugu. Je, ni nani aliyekuwa huru kuishika kadi hadharani? Ni yule ambaye riziki yake haikupita mkononi mwa bwana mkubwa. Mzee Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki katika soko la Kariakoo, alikuwa miongoni mwa wazee wa mji waliomshika Mwalimu mkono. Bibi Titi Mohamed alipokwenda nyumba kwa nyumba kuwaandikisha akina mama, aliwapata kwa maelfu, na wengi wao walikuwa wauza vitumbua, wauza maandazi na wapika pombe. Kibanda cha biashara kiliwapa chakula, na juu ya chakula kiliwapa sauti. Mtu asiyeweza kufukuzwa kazi na mkubwa fulani aweza kumwambia mkubwa huyo kweli. Mji ambao watu wake wote ni watumishi wa makampuni machache ni mji wa watu wanaonong'ona.

Sasa tuseme kweli yote, hata ile isiyopendeza. Duka dogo halikupigwa na wageni peke yao. Mwaka 1976 ilitangazwa Operesheni Maduka. Nia ilikuwa njema, yaani kumwondolea mwananchi unyonyaji. Maduka ya watu binafsi yalifungwa sehemu nyingi ili maduka ya vijiji na ya ushirika yashike nafasi yake. Lakini maduka hayo mapya hayakuwa tayari. Kulifungwa kabla ya kufunguliwa, na mwananchi akajikuta hana mahali pa kununua sabuni wala chumvi. Haukupita muda mrefu amri ikabidi ilegezwe. Fundisho lake ni jepesi kukumbuka: duka la mtaani laweza kufungwa kwa barua moja, lakini haliwezi kufunguliwa kwa barua. Linajengwa kwa miaka, kwa kujuana, kwa daftari la madeni na kwa uaminifu wa pande mbili.

Baadaye upepo ukageuka, tukaambiwa wokovu umo katika supamaketi za kutoka nje. Tazameni yaliyotokea. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuja, ikatandika msala wake, na mwaka 2014 ikawauzia Nakumatt wa Kenya maduka yake ikaondoka. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania mwezi Oktoba 2015. Nakumatt ikazama katika madeni; rafu zikawa tupu, milango ikafungwa, na kwao Kenya mwaka 2018 ikawekwa chini ya msimamizi wa mahakama, kisha mwaka 2020 wadai wake wakakata shauri ifilisiwe. Yote hayo yalitukia katika miaka sita tu. Kila kampuni ya namna hiyo inapoondoka huacha nyuma vijana waliokuwa wakivaa sare zake, na watu wetu waliowapelekea mboga, mayai na maziwa kwa ahadi ya kulipwa mwisho wa mwezi. Katika miaka hiyo sita genge la mtaani halikuaga. Mwenye genge hana pa kuagia, maana hapo ndipo kwao.

Hatusemi haya kwa kumcheka mtu aliyefilisika. Biashara ni kupata na kukosa. Twasema ili watu waone tofauti. Kampuni kubwa hufanya hesabu zake katika mji mwingine, na hesabu ikigoma, mji wetu hufutwa katika daftari kwa mstari mmoja wa kalamu. Muuza duka wa Magomeni au Temeke hesabu yake ikigoma hupunguza faida, huuza usiku zaidi, humwomba mkewe akaange samaki mlangoni, lakini hubaki. Fedha yake nayo hubaki. Ukimlipa fundi cherehani, atanunua uzi duka la pili, atakula kwa mama lishe, mama lishe atanunua mchele gengeni, mwenye genge atampa mtoto wake ada na nauli. Shilingi moja imeamkia nyumba nne kabla ya jua kuchwa. Shilingi iliyoingia katika kampuni ya mbali huacha mshahara wa watu wachache, na iliyobaki hupanda ndege.

Tena yako mambo ambayo hayaandikwi katika hesabu. Ni duka gani kubwa litakalokuuzia mafuta ya kupikia ya kupima, robo ya sukari, na sabuni nusu mche, kwa kuwa leo ndicho ulicho nacho? Ni nani atakayekuandika katika daftari mpaka mshahara utoke? Mgonjwa akizidiwa usiku, ni mlango wa nani utagongwa kwa kutafuta mshumaa au vocha ya simu? Mtoto akipotea, ni nani anayejua ni wa nani? Mwenye duka mtaani ni mlinzi asiyelipwa, ni karani wa habari, na mara nyingi ni mweka hazina wa msiba. Akiondoka, mtaa hubaki na majengo tu.

Na sura ya mji hutoka kwa watu wa namna hii. Edward Saidi Tingatinga, kijana aliyetoka kusini kuja Dar es Salaam kutafuta kazi, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za makopo juu ya mbao za bei ndogo, akauza picha zake Oyster Bay, nje ya maduka ya Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, na miaka hiyo minne ilitosha. Ndugu zake na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani. Hapana kampuni iliyobuni jambo hilo. Lilitokea barazani, kwa mtu mmoja aliyepata mahali pa kukaa na mteja wa kumnunulia. Twauliza: kijana kama yeye akija mjini leo, atakaa baraza gani?

Hilo ndilo swali linalotusumbua. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zimebomolewa moja baada ya moja, na mahali pake yamesimama maghorofa. Si jambo la kulaumu tupu. Sensa ya 1967 ilikuta katika mji huu watu wasiofika laki tatu; sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Watu wengi hivyo hawawezi kukaa katika nyumba za vyumba sita. Lakini tazameni linalotokea chini ya ghorofa. Nafasi iliyokuwa baraza la fundi hukatwa vipande vipande vya fremu, na kabla mtu hajapewa ufunguo hudaiwa kilemba, yaani mkupuo wa fedha juu ya kodi yenyewe, mara nyingi pamoja na kodi ya miezi mingi kwa mara moja. Fundi kofia hana kilemba. Mshona viatu hana. Anayekiweza ni mwenye kuleta makontena, naye huleta kilichokwisha kuuzika kwa jirani yake. Mwisho wake mtaa mzima wauza kitu kimoja, na mtengenezaji amesukumwa nje kuwapisha wapokea mizigo. Kariakoo yenye wapokea mizigo watupu ni bohari. Haistahili kuitwa mji.

Na haraka ya faida ina gharama kubwa zaidi. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Mtanzania mwenzetu Beda Amuli na kufunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1975, ni jengo la kujivunia. Paa lake la zege limekaa kama miavuli iliyopangwa kuupokea mvua na kuuteremsha chini. Liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na wafanyabiashara wengi wakapoteza mitaji yao saa chache. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa lenye maduka liliporomoka Kariakoo hiyo hiyo likaua watu zaidi ya 20. Waliokufa wengi walikuwa watu waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki. Mtu asituambie kwamba kulinda biashara ndogo ni kulilia mambo ya zamani. Kuilinda maana yake ni kutaka pia ukuta unaosimama na mkaguzi asiyefumba macho.

Tuje kwenye sheria. Mwezi Julai 2025 Serikali ilitangaza amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwamo uuzaji wa jumla na rejareja, kutuma na kupokea fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni, kuongoza watalii na maduka ya vitu vya sanaa. Supamaketi hazikuguswa. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, na kufutiwa kibali. Na raia anayemsaidia mgeni kuivunja amri naye ana adhabu yake. Wengi walishangilia. Majirani zetu wa Kenya walilalamika, wakikumbusha mapatano ya soko la pamoja la Afrika Mashariki. Malalamiko ya ndugu husikilizwa mezani, wala hayajibiwi kwa matusi barabarani.

Sisi twasema maneno mawili juu ya amri hiyo. Neno la kwanza: mwananchi asiigeuze kuwa chuki ya rangi. Raia ni raia, awe babu yake alitoka Kigoma, Kutch au Hadhramaut. Duka la Mhindi mzaliwa wa Kisutu, aliyeuza kanga miaka hamsini na kujua majina ya wateja wake na mama zao, ni sehemu ya sura ya mji huu kama lilivyo genge la Mangi. Anayetaka kututenga kwa ngozi anaifanya kazi ya wale walioweka uzio Mnazi Mmoja.

Neno la pili ni chungu zaidi. Mgeni hapati fremu Kariakoo kwa uchawi. Yuko raia aliyempangisha kwa kilemba kikubwa kuliko cha ndugu yake. Yuko raia aliyeandika leseni kwa jina lake, akapokea bahasha kila mwezi, akalala. Yuko dalali, yuko mwenye muhuri, na yuko mnunuzi. Amri inaweza kumwondoa mgeni mlangoni, lakini haiwezi kumtia mwananchi moyo wa kutokuuza jina lake. Mtu anayekodisha uraia wake kwa siri, kisha Jumapili akapanda jukwaani kulia juu ya wageni, twamwita kwa jina lake: kibaraka. Matawi yawajue watu hao, na yasiwape vyeo.

Wako wanaopinga kwa hoja, nao wastahili majibu. Husema, "Duka dogo ni ghali." Mara nyingine ni kweli, maana mwenye duka hununua katoni moja pale mkubwa anaponunua lori. Dawa yake ni wenye maduka kumi kununua pamoja. Huo ndio ushirika wa kweli, unaoanza kwa mahitaji yao wenyewe pasipo kungoja amri kutoka juu. Husema tena, "Bidhaa za kwetu ni duni." Lakini huyo asemaye hivyo amevaa kiatu cha nje kilichopasuka baada ya miezi mitatu, na amekipeleka kwa fundi wa mtaani akishone. Husema, "Maendeleo hayazuiliki." Nani ayazuie? Twataka yaje yamkute mwenyeji yupo, akiwa na mahali pake pa kuyapokea.

Kwa wenye biashara nao twasema bila kuwabembeleza. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hutunzwa akicheza vizuri. Mizani iliyofungwa sumaku chini ni wizi, hata kama aliyeifunga ni ndugu yetu. Mchele uliochanganywa mawe ni wizi. Kupandisha sukari usiku wa kuamkia Ramadhani ni wizi wenye kanzu. Toa risiti, maana zahanati ya mtaa wako haijengwi kwa maneno. Safisha mlango wako usingoje bwana afya. Weka hesabu; mali bila daftari hupotea bila habari. Na ukimwona mteja ameingia na shilingi chache, usimtazame kama mzigo, kwani biashara haigombi, na huyo wa shilingi chache ndiye atakayerudi kesho na keshokutwa.

Halmashauri nazo zina darasa la kujifunza. Jengo la Machinga Complex lilisimamishwa Ilala kwa ajili ya wauzaji wa barabarani, na likakaa miaka mingi bila kujaa, kwa sababu lilipangwa kwa kutazama ramani bila kutazama nyayo za wanunuzi. Oktoba 2021 wamachinga walihamishwa pembezoni mwa barabara za mji, na wengi walilalamikia swali lile lile: mteja atanifuataje? Biashara ndogo ni kama mti wa kivuli. Huwezi kuung'oa ukaupanda popote upendapo ukategemea uzae mwaka huo. Basi twataka mambo manne, nayo si makubwa.

La kwanza, kila kibali cha kujenga ghorofa Kariakoo, Ilala na Magomeni kiwe na sharti la nafasi chache chini kwa mafundi na wapangaji wa zamani wa mahali pale, kwa kodi inayolipwa mwezi kwa mwezi. La pili, kilemba kipigwe marufuku na mwenye kukidai ashtakiwe. La tatu, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo sheria yazitaka halmashauri kuwakopesha wanawake asilimia 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, itolewe kwa majina yaliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya mtaa, ili kila mtu aone kama yumo fundi anayemjua au kimo kikundi kisichojulikana na jirani yeyote. La nne, sare za wanafunzi wa shule za mji huu zishonwe na mafundi wa kata ile ile, na madawati yatoke kwa maseremala wa kata ile ile. Kila Januari makumi ya maelfu ya watoto huvaa sare mpya. Hiyo ni kazi ya cherehani ngapi?

Tumalize na sisi wenyewe, wanachama. Ni rahisi kupiga kelele juu ya Serikali. Lakini wapo viongozi wa matawi ambao mkutano ukikaribia huagiza fulana na kofia kutoka ng'ambo, wakati mtaa wao una mafundi saba waliokaa bure. Chakula cha semina huagizwa hoteli, na mama lishe aliyekuja kutusikiliza hurudi nyumbani na sufuria lake limejaa. Tukifanya hivyo, ni maneno gani tutakayomwambia siku ya kumwomba kura yake? Mtu huamini zaidi mahali unapoweka fedha yako kuliko mahali unapoweka hotuba yako.

Basi kila tawi lifanye kazi hii mwezi huu. Katibu achukue daftari, apite mtaa wake na vijana wawili, aandike kila fundi, kila genge na kila mama lishe: jina la kazi, mahali alipo, na shida moja inayomkaba. Daftari hilo lisomwe mkutanoni. Kila kazi ya tawi inayohitaji kununua kitu ianzie katika daftari hilo, na kama kitu hakimo, katibu aeleze kwa nini amekwenda mbali. Mikopo ya halmashauri ikitangazwa, daftari liwe tayari. Mwenye nyumba akitaka kumfukuza fundi wa miaka ishirini kwa ajili ya kilemba, tawi liende kuzungumza naye kwa adabu, kama wazee walivyozungumza na watu zamani, kabla mambo hayajafika barazani kwa hakimu.

Na kila mwanachama, pasipo kungoja mkutano, ajiwekee kawaida moja. Kabla ya kupanda daladala kwenda kununua mbali, aulize kwanza: je, kitu hiki kipo mtaani kwetu, na je, yupo wa kukishona, kukichonga, kukipika? Akimkuta, amnunulie, amlipe fedha taslimu, wala asimkope kwa kuwa ni jirani. Deni lako la "nitakuletea kesho" ndilo lililofunga maduka mengi kuliko supamaketi yoyote. Anayelidaiwa alilipe wiki hii.